Mutachoka Kwenye Daraja la Tshopo

Mbwa wa jirani yangu akinyeshewa, mtaa mzima hufunga madirisha. Ni dume kubwa la manyoya marefu, lililoletwa kwa lori kutoka mashariki, na jirani hulisifia utadhani ni mkwe wake. Juzi mvua ilipokatika, harufu yake iliingia hadi kitandani kwangu, nzito na chachu, kama gunia la samaki lililosahauliwa bandarini. Nikajikuta nimeketi, nacheka peke yangu gizani. Nilikuwa nimemkumbuka mbwa mwingine, aliyenyeshewa pamoja nami mara nyingi, akalala miguuni pangu akiwa amelowa chapachapa, na asubuhi mkeka wangu haukunuka kitu.

Mbwa wetu hawakunuka. Nalisema hili kwanza kwa sababu najua nitabishiwa. Vijana wa siku hizi wanaambiwa kwamba mbwa wa kweli ni yule mkubwa anayebweka mpaka mwizi akimbie, na kwamba vile vimbwa vyekundu vya kwetu msituni vilikuwa takataka. Mimi ni mzee, na mzee ana haki ya kubisha. Kwa hiyo nabisha.

Walikuwa wadogo, urefu wao hadi gotini. Rangi yao ilikuwa nyekundu kama mafuta ya mawese, isipokuwa kifua, nyayo na ncha ya mkia, ambazo zilikuwa nyeupe. Mkia ulijikunja mgongoni kama kata anayoweka mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Masikio yalisimama wima, na katikati ya masikio ngozi ya paji ilifanya makunyanzi, hivyo hata mtoto wa mbwa alionekana kama mtu anayefikiria kesi ngumu. Walijilamba na kujisafisha kama paka. Na hawakubweka. Hawakuwa bubu, tafadhali nielewe. Walikuwa na sauti, lakini haikuwa ya kubweka. Walipomwona mtu wanayempenda hasa, walinyoosha shingo wakatoa kitu kilichokuwa katikati ya kilio na wimbo, kirefu, chenye mawimbi, kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto. Mgeni angeweza kukaa nao mwaka mzima asiisikie.

Wasomi husema mababu wa mbwa hao wamechorwa kwenye kuta za makaburi ya wafalme wa Misri, wameketi chini ya viti. Labda. Sijafika Misri. Ninachojua ni kwamba Wazungu walipowaona huku kwetu waliwapenda, wakawapakia melini, na huko Ulaya wakawaita basenji. Neno hilo hatukuhitaji kutafsiriwa. Ndilo walilotuita sisi wenyewe: watu wa porini, wasiostaarabika. Walitupa sisi na mbwa wetu jina moja, kisha wakamchukua mbwa.

Baba yangu alikuwa hodari wa kulitumia neno hilo. Alikuwa karani, na ukarani wakati ule ulikuwa kitu. Alivaa miwani, soksi zilizovutwa hadi gotini, na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe kila asubuhi kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Nyumba yetu ilikuwa hapa hapa mjini, kwenye komini ya Tshopo, karibu vya kutosha kusikia maporomoko ya mto usiku na mchana. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye mtaa wote ulimwita Tantine Feza: mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamsha soko. Mdogo wao wa mwisho, Tonton Alimasi, alikuwa mwindaji. Aliishi zaidi ng'ambo ya mto Tshopo, kwenye kambi yake msituni, na alikuja mjini kuuza nyama na kumchokoza baba.

"Kaka, unasoma nini tena?"

"Gazeti."

"Linasema nini?"

"Huwezi kuelewa."

"Bon. Na nyama hii, wewe unaweza kuielewa, ao niirudishe?"

Siku moja Tonton alifika amembeba mbwa mabegani kama mtu abebavyo mwanakondoo. Mwiba ulikuwa umempenya mguu wa mbele hadi upande wa pili. Jina lake lilikuwa Mutachoka. Wawindaji wa kwetu humpa mbwa jina la kuwajibu majirani wenye maneno mengi, na huko kijijini kulikuwa na watu waliosema Tonton hataoa kamwe. Kwa hiyo kila alipomwita mbwa wake kula, kijiji kizima kilijibiwa.

Alimwacha kwetu apone. Aliacha pia kengele yake, kipande cha mti mwepesi kilichochongwa kikawa na tumbo tupu, chenye ndimi mbili za vijiti ndani. Mbwa asiyebweka huwezi kumfuata kwenye kichaka, kwa hiyo humfunga kengele shingoni. Lakini ukiwa njiani kwenda mawindoni hutaki mnyama akusikie, kwa hiyo unaijaza majani. Majani yakiwa ndani, mbwa anajua bado ni safari: anakwenda kimya, haimbi, hachezi, hamtazami hata mwenye kumlisha. Mkifika penye nyavu, unayatoa majani, naye anapotea kama jiwe lililotupwa. Tonton alinionyesha yote hayo, kisha akanishika kidevu.

"Mukono wako peke yake ndio utamulisha. Ukimupa wewe leo, kesho tantine, kesho kutwa jirani, atakuwa imbwa ya kila mutu. Unasikia?"

"Ndiyo, tonton."

Jioni ile, tukila, nilimwuliza kwa nini mbwa hawa hawasemi. Akaniambia kwamba zamani walisema, na walisema vizuri kuliko watu. Mbwa ndiye aliyetumwa kupeleka habari kutoka msituni hadi kwa mtemi. Siku moja mtemi akamwuliza, "Nani ameua mnyama asiniletee sehemu yangu?" Mbwa hakujua kudanganya. Akamtaja mtu. Jioni aliporudi nyumbani alikuta jiko limepoa na bakuli lake limepinduliwa, kwa sababu mtu yule alikuwa ndiye anayemlisha. Tangu siku ile akaapa hatasema tena mbele ya mwenye nguvu, na sauti iliyobaki ataiweka kwa ajili ya wale anaowapenda.

"Uongo," akasema Tantine Feza bila kuacha kutafuna. "Aliacha kusema sababu wawindaji hawamuachi mutu amalize sentensi."

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Nadhani ni mara ya mwisho nilipomwona akicheka vile mwaka ule, maana Tonton alirudi msituni, na baada ya muda mfupi vita vikaingia mjini.

Mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la Mzungu. Waasi walifika na vijana waliokuwa na majani kichwani, ngozi za wanyama kiunoni, na dawa waliyoamini ingegeuza risasi kuwa maji. Wiki za kwanza watu walipiga makofi. Kisha wakaanza kutafuta makarani. Yeyote aliyeshika kalamu katika ofisi ya serikali alikuwa adui wa wananchi. Walitazama mikono ya watu, na walitazama pua, kuona alama mbili ndogo ambazo miwani huacha. Jirani yetu mmoja, mtu wa posta, alichukuliwa akiwa na kijiko mkononi. Hakurudi.

Baba akapanda darini, kati ya magunia ya makaa, na Tantine akaeneza habari sokoni kwamba kaka yake alikwisha kimbilia kwa Wazungu na kumwachia mzigo wa mtoto. Alimtukana kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi, niliyekuwa nikisikia kikohozi chake juu ya kichwa changu, niliamini nusu yake.

Njia moja tu ilikuwa na maana: kuvuka mto Tshopo na kufika kambini kwa Tonton. Mitumbwi yote ilikuwa imekusanywa. Palibaki daraja, na darajani waasi waliweka kizuizi, gogo juu ya mapipa na kibanda cha mabati pembeni. Mkubwa wao alikuwa kijana waliyemwita Meja, ambaye ndevu zilikuwa bado hazijaamua kama zitaota.

Huyo Meja ndiye aliyekuja kwetu kutafuta mbuzi, akamkuta Mutachoka ameketi mlangoni, amepona, masikio juu, paji limejaa makunyanzi. Alimtazama sana.

"Imbwa hii ni ya nani?"

"Ni ya mwindaji," akasema Tantine.

"Ni imbwa ya kufikiri. Tutamutia ku pont, atulinde."

Nilifungua mdomo. Tantine akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino chake, akakizungusha. Wakamfunga Mutachoka kamba, wakaenda naye darajani. Vijana wale hawakuwa watu wa huku. Huko kwao mbwa ni mbwa: ukimfunga mlangoni, anabweka mgeni akija. Walimfunga kwenye nguzo ya kibanda, wakatulia. Na mvua zilipoanza, zile za alasiri ambazo hapa hunyesha kana kwamba mto umesimama wima, waliingia ndani wakalala, maana walikuwa na mlinzi.

Nililia. Tantine aliniacha nilie, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia.

"Asante Mungu," akasema. "Wamejifungia mulango na kamba ya majani ya migomba. Papa yako atapita."

Halafu akanishika mabega. "Lakini wewe hutakwenda naye. Na usikanyage kule ku pont, usionekane hata kwa mbali. Unajua kwa nini?"

Nilijua. Mbwa yule asingefungua mdomo kwa mgeni. Asingefungua kwa Tantine, aliyemfukuza jikoni kwa ufagio kila siku. Wala asingefungua kwa baba, ambaye hakumpa hata mfupa, na kila alipomkuta barazani alisema, "Toa basenji huyu," akimsukuma kwa ncha ya kiatu. Mtu mmoja tu mjini mle angemfanya anyooshe shingo na kuimba hadi maporomoko yanyamaze. Kama ningefuatana na baba, ningemwua.

Sikuwahi kusikia jambo lisilo la haki kama hilo. Aliyemchukia mbwa anapita, aliyempenda anabaki. Nilimwambia Tantine hivyo, kwa hasira. Akajibu, "Ni hivyo," akaendelea kutwanga.

Walikwenda mchana mmoja mvua ilipokuwa imefunga dunia. Tantine alikuwa amemvua baba kila kitu cha ukarani: viatu, soksi, saa, miwani. Alimpaka majivu puani kuficha zile alama. Alimvika kaptura ya zamani ya Tonton, yenye tundu nyuma, akamtwika furushi la kuni. Baba alisimama katikati ya nyumba, miguu myeupe kwa kukosa jua, akipepesa macho kama bundi. Bila miwani hakuona hata mlango.

"Nafanana na nini?" akauliza.

"Basenji," akasema Tantine. "Twende."

Baba aliweka mkono kichwani kwangu. Aliukosea kidogo, akanishika sikio. Nilibaki nimeegemea mlango, nikisikiliza. Mvua ilipiga mabati, maporomoko yalinguruma nyuma yake, na mimi nilikuwa natafuta sauti moja tu chini ya hizo zote, sauti niliyoipenda kuliko zote duniani, nikiomba nisiisikie.

Tantine alirudi giza likikaribia. Aliketi juu ya kinu, maji yakimchuruzika.

"Amepita," akasema. "Alimukanyaga mukia."

"Nani?"

"Papa yako! Haoni! Nimemushika mukono, namupeleka pole pole, tumefika hapo pa kibanda, wanakoroma ndani, na yeye anaweka muguu yake yote, yote, juu ya mukia ya imbwa." Alianza kutetemeka, na sikujua kama anacheka. "Ile imbwa ikamuangalia tu. Ikamuangalia chini mpaka juu. Alors ikageuza uso."

Tulidhani yamekwisha. Lakini mtu mwenye ulimi alimwona baba ng'ambo, au alidai amemwona, na habari ikafika darajani: karani amevuka kwenye kizuizi cha Meja, Meja akiwa amelala. Kijana akiaibishwa mbele ya wakubwa wake hutafuta mtu wa kulipa. Asubuhi moja ngoma ilipigwa, na wote wa mtaa wetu tukaamriwa kwenda kwenye uwanja wa soko dogo. Meja alikuwa amesimama juu ya meza ya muuza chumvi. Chini yake, kwenye kamba, alikuwa Mutachoka, amekonda, mbavu zinahesabika. Tantine alinisukuma nyuma ya migongo ya watu kabla mbwa hajageuka.

"Imbwa hii iliona adui akapita," akasema Meja. "Ikanyamaza. Imbwa ya kawaida inanyamaza namna gani? Muliifunga kinywa, ninyi wachawi. Wewe mama, ni imbwa yako."

Tantine akatoka mbele. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa.

"Mwanangu," akasema, na nikasikia watu wakivuta pumzi, maana hakuna aliyemwita Meja mwanangu. "Ulikuja kwangu kutafuta mbuzi, ukachukua imbwa. Sikukuita. Hukuniuliza kama inasema. Hii imbwa haina sauti. Mama yake haikukuwa na sauti. Sasa ulichukua mulinzi ambaye hasemi, ukalala, na leo unamuomba ushahidi?"

Mtu mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Inaitwa nani?" Meja akauliza, kwa sababu alihitaji kuuliza kitu.

"Mutachoka."

Hapo kikohozi kikaenea uwanja mzima.

Meja hakuwa mjinga. Alingoja kimya kirudi, kisha akasema, "Bon. Tutaona. Wote munapita hapa mbele yake, moja moja, wakubwa na watoto. Kama haina sauti, unachukua imbwa yako, unaenda. Kama inafungua kinywa kwa mutu hata moja, basi uliwadanganya wananchi, na wewe na imbwa munakwenda ku mto."

Watu walijua maana ya kwenda mtoni. Walianza kujipanga. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Ngoja," akasema Tantine. "Imbwa ya mwindaji haihukumiwi uchi. Iko na kitu yake ya shingo. Niachie niivalishe, kisha ufanye unavyotaka."

"Kitu gani?"

"Dawa yake."

Kijana yule alikuwa na majani yamechomekwa kwenye kofia na hirizi tatu kifuani. Angekataaje? Hakuna aliyeogopa dawa kuliko wao. Alitikisa kichwa kukubali, na Tantine akapaza sauti bila kunitafuta kwa macho: "Mutoto alete kengele! Apitie nyuma!"

Nilikimbia. Nyumbani niliitoa kengele kwenye msumari, na nikasimama nayo kwenye mlango wa nyuma. Mbele yangu kulikuwa na shamba la mihogo, na baada ya mihogo kulikuwa na nyasi ndefu. Hakuna ambaye angeniona. Nikipotea, hakuna wa kuimbiwa. Niliwaza hivyo, na niliona ni wazo zuri kabisa. Kisha nikawaza Meja akiuliza, "Yule mutoto aliyetumwa iko wapi?" Nikarudi mbio, nikampa kengele mama mmoja jirani, naye akaipitisha mbele.

Tantine alichuma majani ya sombe, yaani kisamvu, kando ya meza. Aliyasokota polepole, akayashindilia kwenye tumbo la kengele, huku akinong'ona maneno ambayo baadaye watu wa Tshopo waliapa yalikuwa ya kutisha. Akaifunga shingoni mwa Mutachoka. Alipomaliza alisimama, akageuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Aligusa kengele kwa kidole, kama kusema: umeona?

Niliona, na moyo ukatulia. Majani yamo. Ni safari. Haimbi.

Wakapita. Wanaume, wanawake wenye watoto mgongoni, mzee kipofu akiongozwa. Mutachoka aliwatazama wote kwa makunyanzi yake. Ikafika zamu yangu. Nilitembea kama tunavyotembea njiani kwenda mawindoni, bila kumtazama, bila kuharakisha, mikono imelegea. Nilisikia mkia wake ukijikunjua na kupiga vumbi. Nilisikia pumzi ikiingia, ndefu, ile inayotangulia wimbo. Pua yenye unyevu ikagusa muundi wa mguu wangu. Nilipiga hatua nyingine. Hakikutoka kitu. Nikapita, nikaenda kusimama na wengine, na hapo ndipo nilipogundua nimejikojolea kidogo.

Meja alingoja mpaka mtu wa mwisho. Akashuka mezani, akamtazama mbwa, akamtazama Tantine.

"Chukua imbwa yako ya bure," akasema.

"Asante, mwanangu. Ukipata nyingine, uisikilize kwanza."

Tulikwenda nyumbani bila kukimbia. Tulipofunga mlango nilipiga magoti, nikayatoa majani, na Mutachoka akanyoosha shingo. Tantine aliruka kama msichana, akakamata mchi, akaanza kutwanga kinu kitupu na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote ya kuamsha soko, na chini ya kelele hiyo mbwa aliimba, akaimba, akaimba, mimi nimemkumbatia.

Vita vilipita, vikaja vingine, mnajua. Baba alirudi kutoka msituni mwembamba, mweusi, akijua kusuka nyavu. Hakuwahi kumpapasa Mutachoka. Lakini niliona mara kadhaa alivyosogeza kiti chake barazani ili kivuli kisimwangukie mbwa aliyelala juani. Neno lile sikulisikia tena kinywani mwake.

Nililitumia mimi. Hilo ni langu na sitavisingizia vita. Nilipoingia sekondari nilijifunza aibu kama nilivyojifunza hesabu. Wenzangu walipokuja nyumbani niliwaambia vile vimbwa ni vya tonton wa kijijini. Nilileta dume la kubweka kutoka kwa Mgiriki mmoja wa Makiso, katikati ya mji, nikaliacha na wajukuu wa Mutachoka, na watoto waliozaliwa walibweka. Leo huwezi kupata mmoja wa asili katika mtaa huu. Tonton Alimasi aliwaona, akaenda zake. Heri angenitukana.

Nilipokuwa mtu mzima, na majuto yameanza kuniuma, nilirudi kambini kwa Tonton kujifunza upya. Ndipo alipocheka nilipomsimulia ule ujanja wa sombe. Majani yanamnyamazisha mbwa, alisema, yakifungwa na mkono unaomlisha. Yakifungwa na mtu mwingine ni majani tu. Tantine Feza hakuwahi kumlisha Mutachoka hata punje. Alimlisha ufagio.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mbwa hakuwa amefungwa na kitu. Aliyefungwa ni mimi. Kama ningepita pale nikiogopa, ningemtazama. Nikimtazama, macho yangu yangemwita, naye angejibu. Tantine alilijua hilo. Alihitaji mtoto atembee kama mtu aliye safarini, na kwa hiyo alinipa kitu cha kuamini, mbele ya bunduki, kwa majani ya mboga. Ile pumzi iliyoingia bila kutoka, hiyo sina maelezo yake. Labda alinitii mimi, mwendo wangu. Labda ile hadithi ya mtemi ni ya kweli. Sitaki mtu anieleze.

Tantine alikuwa mzee sana nilipokwenda kumwuliza. Alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo, haoni vizuri, vidole bado vina haraka.

"Tantine, ulijua kwamba majani hayana kazi."

"Majani gani?"

"Ya Mutachoka. Siku ile."

"Ah." Alimenya kidogo. "Nilijua."

"Na kama angeimba?"

Aliinua uso, na kwa muda nilimwona akiwa na kitenge chake cha misa, amesimama peke yake mbele ya meza ya muuza chumvi.

"Ningeimba naye," akasema. "Wangetupeleka ku mto wote wawili tukiimba, na ile Meja yako angejua hata bunduki yake haikutunyamazisha. Sasa leta ile ndoo."